Mzee wa Tabaka Aliyekataa Kutia Jina Lake Juu ya Jiwe

UKIPITA katika maduka ya vinyago ya Nairobi, Mombasa au Kisumu, huwezi kukosa kuona viboko wadogo, ndovu, bakuli na vinara vya mishumaa vilivyochongwa kwa jiwe laini lenye rangi ya maziwa au ya waridi. Mwenye duka atakuambia kwamba hilo ni jiwe la Kisii. Atakutajia bei, na ukimbembeleza atakupunguzia. Lakini hebu mwulize ni nani aliyemchonga kiboko yule. Atakutazama kama mtu aliyeulizwa jina la ng'ombe aliyetoa maziwa ya chai yake.

Jiwe hilo hutoka Tabaka, huko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, nchi ya vilima na migomba. Sifa za Tabaka zimevuka bahari. Bwana Elkana Ong'esa, aliyezaliwa huko mwaka 1944, ndiye aliyechonga Ndege wa Amani ambaye amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, Ufaransa. Jina lake linajulikana, na linastahili kujulikana. Hata hivyo, nyuma ya msanii mmoja wa namna hiyo kuna mamia ya watu waliochonga tangu ujana hadi uzee, wakalea jamaa zao kwa tindo na panga, na wakaenda zao bila ya mtu yeyote nje ya kijiji kuwajua.

Leo nataka kumzungumzia mmoja wao. Huyo ni babu yangu mzaa baba, au sokoro kama tusemavyo sisi Abagusii. Alifariki mwaka 2016, umri wake ukiwa umepita miaka 80. Hakuandikwa katika kitabu chochote wala hakupewa nishani. Jina lake sitalitaja hapa, na msomaji akifika mwisho wa makala haya atafahamu kwa nini.

JIWE NA KAZI YAKE

Kwa wale ambao hawajafika kwetu, yafaa kwanza kueleza jiwe lenyewe. Wengi huliita jiwe la sabuni kwa sababu likishikwa huteleza mkononi kama kipande cha sabuni. Sehemu yake kubwa ni talki, kitu kile kile kilichokuwa kikisagwa na kutengenezwa poda ya kupaka watoto. Ni laini hata ukucha waweza kulikwaruza. Likitoka shimoni likiwa na unyevu wake, kisu hupita bila taabu. Likikaa juani siku nyingi huwa gumu zaidi. Kuna jeupe, la kijivu, la waridi, jekundu na hata jeusi, na mchongaji mzoefu akionyeshwa kipande aweza kukuambia kimetoka timbo gani.

Kulichimba ni kazi ya nguvu. Hutumiwa mtaimbo, sururu na jembe, na mawe hutolewa kwa mabega ya watu. Baada ya hapo mchongaji hulikata umbo kwa panga, akaingia ndani kwa tindo na kisu, akalainisha kwa tupa. Kisha huja kazi ya kusugua kwa msasa ndani ya maji, kwanza msasa mkali, halafu wa wastani, halafu ule mlaini kabisa. Mwisho hupakwa nta ili king'ae. Kazi ya kusugua, tangu nilipopata akili, niliiona mikononi mwa wanawake.

Wazee wa zamani walichonga bakuli na vyombo vingine vya nyumbani kabla ya kumjua mtalii. Biashara ilipokua, wanyama wakaingia. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya ngozi na pembe za wanyama wa mwituni. Maduka yaliyokuwa yakitundika ngozi za chui hayakuweza kuzitundika tena. Mnyama wa jiwe hakukatazwa na sheria yoyote, na Sokoro alizoea kusema kwa kicheko kwamba yeye ndiye mwindaji wa mwisho wa Mugirango, kwani kila wiki aliwaua ndovu kumi na askari wa wanyama akawa anamwamkia.

Katika ujana wake alikwenda Kericho kuchuma majani chai, kama walivyofanya vijana wengi wa Kisii. Hakukaa sana. Alisema kwamba huko alikuwa na mikono miwili tu, na hata hiyo miwili haikuwa yake. Akarudi nyumbani, akaoa, akafungua timbo dogo katika sehemu ya chini ya shamba lake, na hapo ndipo maisha yake yote yalipopita.

CHINSONI NA MZAHA

Desturi yetu Abagusii ni kwamba baba na mwanawe hutenganishwa na heshima iitwayo chinsoni. Baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala mwana hatamki maneno ya aibu mbele ya baba yake. Heshima hiyo ni ukuta, na ukuta una faida zake. Lakini Mungu hakumwacha mtoto bila mlango, maana kati ya babu na mjukuu hakuna chinsoni. Hao ni watani. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na mjukuu wa kiume humwona kama mshindani wake. Wataulizana maswali ambayo baba mtu akiyasikia hujifanya kiziwi.

Sokoro alimpenda mno dada yangu mkubwa, na kila jioni alimwuliza kwa sauti, ili magokoro asikie, ni lini atahamia kwake rasmi kwa vile "huyu mke wa kwanza amechakaa". Magokoro alijibu akiwa jikoni kwamba bibi arusi huyo mpya aje upesi, kuni na maji vinamngoja. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wazazi wetu walitazama chini, wakatabasamu kwa siri.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha kazi. Baba yangu alipojaribu kunifunza kuchonga, aliamuru tu. Mimi nilinyamaza, na tindo likatetemeka mkononi. Kwa Sokoro mambo yalikuwa mengine. Siku moja binamu yangu alichonga kiboko mwenye miguu mirefu iliyokonda. Sokoro alimchukua, akamweka juu ya benchi, akainama na kusogeza sikio. "Ngojeni," akasema, "huyu mnyama yu karibu kubweka." Binamu yangu alicheka kuliko sisi sote, akachukua jiwe jingine. Leo hii anaishi kwa kazi hiyo hiyo, na viboko wake hawabweki.

Jambo la kwanza alilotufunza lilikuwa kusikiliza. Kabla ya kukata, aligonga jiwe kwa mpini wa kisu. Jiwe zima hulia, akasema. Lenye ufa hunung'unika. Alitufumba macho kwa leso, akatugongea mawe kumi, nasi tukataja lipi zima na lipi limepasuka. Aliyeshinda alipewa ndizi mbivu. Jambo la pili lilikuwa kutotupa. Jiwe lililokataa kuwa ndovu likawa kiboko, lililokataa kuwa kiboko likawa sahani ya sabuni, na vipande vilivyobaki tulivitumia kuandikia hesabu juu ya mlango, kwa maana jiwe lile huandika kama chaki. Mlango wa nyumba yake ulikuwa ubao wa darasa letu.

Jambo la tatu halikuwa la kuchonga. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kushuka timboni, hata kama mpira umeangukia humo. Mvua ikinyesha, hata watu wazima walikaa siku tatu bila ya kuchimba. Tena hakuchimba kuelekea ndani chini ya ukingo, kama wafanyavyo wale wanaofuata jiwe zuri. Tabaka imewazika watu wengi walioangukiwa na matimbo wakati wa masika. Sokoro alikuwa na msemo wake mwenyewe: "Shimo halina mjukuu." Maana yake ni kwamba shimo halijui nani anapendwa na nani.

MIKONO MINGI

Siku ya mnunuzi ilikuwa sikukuu. Vinyago vilifungwa kwa majani makavu ya migomba, vikapangwa katika magunia, gari likaja. Mnunuzi akiisha kuhesabu fedha na kwenda zake, Sokoro hakuzitia mfukoni. Aliketi juu ya benchi lake, akawaita wote, akazigawanya papo hapo: sehemu ya waliochimba, sehemu ya waliochonga, sehemu ya waliosugua, na sarafu chache za watoto waliochota maji. Sehemu ya kusugua ilikuwa ya magokoro, naye alipewa mkononi, mbele ya watu.

Katika siku hizo jambo hilo lilizua maneno. Palikuwa na majirani waliosema kwamba mzee amekaliwa na mkewe. Mwanamke alisugua kwa sababu ni mke, walisema, kama vile apikavyo obokima kwa sababu ni mke. Je, sasa alipwe pia kwa kupika? Sokoro aliwaacha waseme hadi wachoke, kisha akawaomba kitu kimoja. Aliwaletea kiboko aliyechongwa lakini hajasuguliwa, mwenye makovu ya tindo mwili mzima, na mwingine aliyetoka mikononi mwa magokoro, aking'aa kama jicho. Akawauliza wangenunua yupi. Walipochagua, akasema, "Basi hata nyinyi mmemlipa yeye."

Kazi hiyo ya kusugua si ya mchezo. Mikono hukaa majini tangu asubuhi, na msasa haujui jiwe wala ngozi. Magokoro alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alikibonyeza kidole chake juu ya wino mara tatu na kila mara karatasi ikatoka na doa jeusi lisilo na mistari. Mistari ilikuwa imebaki juu ya viboko na sahani, imekwenda Mombasa, imekwenda Ulaya. Aliporudi nyumbani alitueleza kisa hicho huku akicheka. Sokoro hakucheka. Kesho yake alitembea hadi dukani akamnunulia mafuta ya kupaka mikono, na tangu siku hiyo hadi alipokufa sikuona nyumba ile ikikosa chupa ya mafuta hayo.

Sasa nafikia habari ya jina. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, nami nilikuwa mvulana wa kuchota maji, kwa hiyo nilisikia kila neno. Alikuja mnunuzi mmoja kutoka mjini, mtu wa suti na mkoba. Alimsifu mzee sana. Akasema kwamba ana wateja ng'ambo ambao wako tayari kulipa maradufu, sharti kila kinyago kiwe na jina la msanii chini yake, kwani huko kitu kisicho na jina huhesabiwa kuwa cha rejareja. Alitaka mzee achore jina lake tu, kazi ya dakika moja.

Sokoro aliuliza, "Jina la nani?"

"Lako, mzee. Wewe si ndiye fundi?"

"Jiwe hili lilichimbwa na kijana wa jirani yangu. Mimi nikalikata. Mwanangu akatoa masikio. Mama watoto amelisugua siku mbili. Huyu mvulana amechota maji. Nikiandika jina langu peke yangu, nitakuwa nimewaibia watu wanne mchana kweupe."

Mnunuzi akacheka, akamwambia basi aandike majina yote. Sokoro akamgeuza kiboko yule, ambaye hakuzidi kiganja cha mkono, akamwonyesha tumbo lake. "Hapatoshi," akasema.

Biashara ikavunjika. Msomaji asidhani kwamba nyumba nzima ilimpigia makofi. Muhula ule baba yangu mdogo, kitinda mimba, alikuwa kidato cha pili, naye alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Bei maradufu ingemrudisha shuleni siku ile ile. Wanawe walinung'unika kwa muda mrefu. Chinsoni iliwazuia kumwambia usoni, lakini vijiko viligonga sahani kwa nguvu kuliko desturi. Kijana alikaa nyumbani wiki tano. Alirudi shuleni baada ya mzee kuuza ndama na kuchonga usiku kwa taa ya mafuta ya taa, sahani za sabuni moja baada ya nyingine, magokoro akisugua kando yake. Naam, msimamo wa mtu una gharama, na mara nyingi anayelipa si yeye peke yake. Baba mdogo hadi leo akisimuliwa habari hiyo husema kwamba alijivunia babaye, lakini pia husema kwamba wiki tano ni ndefu.

KARO NA DAFTARI

Alikuwa na watoto saba, watatu wao wa kike, na wote walisoma. Watu husahau jinsi mzigo ule ulivyokuwa. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza, wazazi wakashangilia; lakini mara zikaja fedha za majengo, na mahali pengi hizo zikawa nzito kuliko karo yenyewe. Shule ya sekondari ndiyo ilikuwa mlima hasa. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja tena mwaka 2003, wakati ambapo sisi wajukuu tulikuwa tumekwisha maliza.

Katika nyumba ile karo haikuhesabiwa kwa shilingi. Ilihesabiwa kwa jiwe. Sokoro alipanga vinyago ukutani, akasema: hawa viboko ni vitabu, ndovu hawa ni sare, na seti hii ya sataranji ni muhula mzima wa shangazi yenu. Alipoulizwa kwa nini asiwaoze mabinti mapema apate ng'ombe wa mahari, alijibu kwamba ng'ombe hula majani, naye hana majani. Ana mawe tu, na mawe huliwa na shule.

Yeye mwenyewe hakupata elimu alipokuwa mtoto. Kisomo cha ngumbaru kilipoanzishwa nchini mwaka 1979, alikuwa miongoni mwa wazee waliobeba daftari na kwenda kuketi kwenye madawati ya watoto jioni. Wajukuu tulimsindikiza, tukamchekea dirishani, kwa kuwa utani uliruhusu. Naye alitoka akiwa anajua kuandika na kujumlisha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985 pamoja na somo la sanaa na kazi za mikono, walimu wa shule yetu walimjia kuomba mawe ya wanafunzi. Aliwapa bure, kwa sharti kwamba masalio yarudishwe.

MIAKA MIBAYA

Jiwe hutegemea wageni, na wageni ni kama ndege: mlio mmoja huwafukuza wote. Baada ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, magari ya wanunuzi yaliadimika. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hali ikawa mbaya zaidi. Vinyago vilirundikana nyuma ya nyumba hadi kuku wakataga kati ya ndovu.

Ndipo likaja jaribu la pili. Sehemu ya juu ya shamba, penye migomba, kuna jiwe la waridi lililo safi, na kila mtu Tabaka anajua. Mchuuzi mmoja alitaka kukodi sehemu hiyo, alete vibarua wake, achimbe upesi na kulipa fedha taslimu. Wana waliona ni neema. Sokoro akakataa. Timbo la chini lilikuwa bado wazi, alisema, na mtu hafungui kidonda cha pili kabla ya kufunga cha kwanza. Tena aliuliza: tukilichimba lote sasa kwa bei ya shida, hao wasiozaliwa bado watachonga nini? Akaongeza kwamba migomba ile ndiyo iliyotulisha mwaka ambao jiwe halikutulisha.

Wakati huo kifua chake kilikuwa kimeanza kulalamika. Vumbi la talki likivutwa kwa miaka mingi huumiza mapafu, na katika ujana wake hakuna aliyefunga kitambaa puani. Uzeeni alilazimisha kila mtu kulowesha jiwe kabla ya kukata, na wajukuu waliokuja bila kitambaa aliwafukuza kwa mzaha uliokuwa na ukali ndani yake. Kufika mwaka 2012 aliweka tindo chini. Aliketi tu karibu na benchi, mgeni akija anagonga mawe na kusikiliza.

YALIYOPATIKANA BAADA YAKE

Tulimzika nyumbani kwake, upande wa kulia wa nyumba kama ilivyo desturi. Vijana wachongaji walijitolea kumchongea jiwe kubwa la waridi lenye jina lake kwa herufi za kupendeza. Magokoro aliwashukuru, akawakatalia. "Miaka yote alikataa," akasema, "leo hana mdomo ndiyo mmwandike?" Kwa hiyo jina lake nalo sikulitia hapa.

Katika kupanga vitu vyake tulikuta madaftari, rundo zima, yaliyoanza mara tu alipojua kuandika. Tulidhani ni hesabu za madeni. Zilikuwa hesabu za mikono. Kwa kila shehena iliyotoka nyumbani kwake aliandika tarehe, idadi ya vinyago, na chini yake majina: aliyechimba, aliyechonga, aliyetoa masikio, aliyesugua, aliyechota maji. Majina ya watoto yamo. Jina langu limo, mwaka ambao nilikuwa darasa la tatu, mbele yake pameandikwa "maji". Wapo majirani waliokwisha kufa ambao huenda majina yao hayajaandikwa mahali pengine popote ila katika kitambulisho. Na ule mwezi wa wiki tano upo pia. Ukurasa una majina mawili tu, la kwake na la magokoro, mstari baada ya mstari, na mwisho wake ameandika jina la shule ya baba mdogo na neno "amerudi".

Mwaka uliofuata wazee wa ukoo waliketi na wanawe kuzungumza habari ya shamba la juu. Kulikuwa na hoja pande zote. Baba yangu mdogo ana watoto chuo kikuu na karo ya leo haicheki na mtu. Alisema wazi kwamba jiwe lililo chini ya migomba halimsomeshi yeyote. Shangazi alisema kwamba timbo lililo wazi linangoja mtoto wa kuanguka ndani. Maneno yalipanda, sauti zikapanda, hata mmoja akatishia kwenda mahakamani. Magokoro akaagiza madaftari yaletwe, akayaweka juu ya meza. Hakutoa hotuba. Aliuliza tu: "Mkimkodisha mtu, majina ya wachimbaji wake mtayajua?"

Palikuwa kimya. Kisha wakaafikiana hivi: shamba la juu halitakodishwa kwa mtu wa nje, na hakuna atakayelifungua, hata mwana wa nyumba, mpaka timbo la chini lijazwe. Likijazwa, watakaa tena na kuamua. Magokoro alimfuata mumewe miaka mitatu baada ya mazishi yake, akalazwa upande wa kushoto wa nyumba. Mapatano yale bado yanashikwa.

Kujaza timbo la miaka 50 si kazi ya siku moja. Kila Desemba, jamaa wanaporudi kutoka Nairobi, Nakuru na kwingineko, kila mmoja anatakiwa kubeba vifusi na udongo kabla ya kuketi kula. Wale wa chuo kikuu hubeba, na watoto wadogo hubeba kwa vikopo. Binamu yangu, yule wa kiboko cha kubweka, ndiye ashikaye daftari jipya, akiandika nani ameleta karai ngapi. Shimo limepungua zaidi ya nusu. Baba mdogo hubeba kuliko wote, kwa kuwa ana haraka ya kufika siku ya kuamua. Shangazi naye hubeba, kwa kuwa anataka shimo lifungwe. Wanabishana njia nzima huku wakibeba karai moja, huyu upande huu na huyu upande ule.

Ndugu msomaji, kila kijiji chetu kina wazee wa namna hii, na wengine wangali hai. Wapo wachongaji wa Tabaka, wapo wa Wamunyu kule Ukambani, wapo wafinyanzi, wasusi na wahunzi. Yafaa tuwaendee na kalamu wakati wangali na pumzi, tuwaulize walifanya kazi na nani, tuyaandike majina yote. Kazi ya mikono haikufanywa na mtu mmoja hata siku moja, na jamaa vilevile.

Mwenyezi Mungu amlaze Sokoro mahali pema, yeye na mwenzake aliyesugua.